Skuta nyuma ya motohomu: kwa nini kilo 175 hugeuka 284

*"Tunaishi Ujerumani kusini, mimi, mke wangu na watoto wawili wa miaka 10 na 7. Mwaka jana tulinunua motohomu (gari lenye nyumba ndani) ya mkono wa pili, ya mwaka 2016, imejengwa juu ya Fiat Ducato, urefu wake mita 6.99. Safari ya kwanza tulikwenda Ziwa Garda, Italia. Raha tupu, isipokuwa kila nikitaka mkate ilibidi nikunje meza, nirudishe turubai la kivuli, nichomoe umeme, kisha niiingize nyumba nzima kwenye vichochoro vya kijiji. Sasa nataka kubeba skuta. Nimepata Honda PCX 125 ya kilo 130 hivi, na nimeshafanya mafunzo ya B196 juu ya leseni yangu ya gari. Stoo ya nyuma haiingizi skuta, mlango wake una sentimita 90 tu. Aliyeniuzia gari anasema kadi inaonyesha gari tupu ni kilo 2,920 na kikomo ni 3,500, kwa hiyo nina kilo 580 za kuchezea. Ninunue kibebeo cha kufunga nyuma. Rafiki yangu anasema hata kibebeo cha kuchomeka kwenye ndoano ya tela kinatosha, na gari likilala nyuma niweke mifuko ya hewa kwenye springi. Mwezi wa nane tunarudi Garda, halafu Kroatia. Nimsikilize nani?"*

Kaka, nimesoma swali lako nikacheka peke yangu, maana safari ya kwenda dukani na nyumba mgongoni naijua. Unafunga makabati, mtoto mmoja analia abaki, na ukirudi na mkate wako unakuta ile nafasi ya kivulini ina mtu. Anayeanza kuwaza skuta baada ya hapo hajachanganyikiwa.

Kwa ufupi unataka kujua kama gari litaihimili skuta, na ikiwa litaihimili, ifungwe wapi. Hao wawili waliokushauri sidhani wana nia mbaya. Muuzaji amefanya hesabu ya kutoa na hajakosea kutoa. Kosa lake ni kudhani kilo 580 zote ni zako. Rafiki yako ameona magari yanalala nyuma, akadhani kulala ndio ugonjwa. Ila wote wamelipita jambo moja ambalo, kama ungekuja gereji kwangu, ningekuuliza kabla hata sijainama kuangalia chini ya gari: hiyo leseni umeisoma vizuri?

B196 si daraja jipya la leseni. Ni namba ya nyongeza tu inayoandikwa pembeni ya daraja lako la B, ikikuruhusu kupanda pikipiki ya cc 125. Ujerumani iliianzisha mwishoni mwa 2019: uwe na miaka 25, uwe umeshika leseni ya gari kwa miaka 5, ukae darasani na barabarani vipindi 9 vya dakika 90, na mtihani hakuna. Mpango mzuri, nimewashauri wengi waufanye. Lakini ni ruhusa ya nyumbani, na inaishia mpakani. Ukishaingia Austria, sembuse Italia na Kroatia, ukipanda hiyo PCX wewe ni mtu anayeendesha pikipiki bila leseni. Ukigonga mtu, la kwanza kuulizwa na kampuni ya bima litakuwa hilo.

Najua utaambiwa, "mbona Waitalia wanapanda 125 kwa leseni ya gari?" Kweli wanapanda, kwa leseni ya Italia, wakiwa Italia. Nchi kadhaa za Ulaya zina ruhusa za namna hii na kila moja inawahusu wenye leseni zake. Kitakachokuvusha na 125 ni daraja A1, lenye mtihani. Kisichohitaji kitu zaidi ni skuta ya cc 50 isiyozidi kilomita 45 kwa saa: hiyo ni daraja AM, limo tayari ndani ya B yako, na linatambulika Umoja wa Ulaya mzima. Kwa hiyo hata kama gari lingeibeba PCX kama unyoya, mwezi wa nane ungekuwa umebeba kilo 130 za kutazama.

Tuje kwenye uzito, ambako ndiko pesa za watu wengi zinakopotelea.

Chukua kadi ya gari, tafuta herufi G. Hiyo 2,920 si gari tupu kama muuzaji alivyosema. Ndani yake kuna dereva wa kilo 75, tangi la dizeli karibu kujaa, mtungi wa gesi, na maji kiasi ambacho kiwanda kimeamua kukihesabu, mara nyingi lita 20 tu hata kama tangi ni la lita 100. Hapo wewe umo, lakini mkeo hayumo, watoto hawamo, na chochote kilichofungwa baada ya gari kutoka kiwandani hakimo. Tena sheria za Ulaya zinamruhusu mtengenezaji kukosea asilimia 5 kwenye namba hiyo. Asilimia 5 ya 2,920 ni kilo 146. Gari lako linaweza kuwa zito kuliko kadi yake kwa kilo 146 na hakuna aliyevunja sheria.

Hebu tuache hiyo 146 pembeni, tuwe na moyo mwema, tupakie. Mkeo na watoto, tuseme kilo 130 pamoja. Kujaza tangi la maji, 80 zaidi. Turubai la kivuli, betri ya pili na paneli ya jua, vitu ambavyo magari mengi ya umri huo yameshaongezewa, 75. Baiskeli mbili za watoto, 20. Halafu meza, viti, vyombo, mashuka, nguo, unga, mchele na lile sufuria kubwa ambalo mama wa nyumba hataki kuliacha: weka 150, nawe unajua nimepunguza. Jumla 455. Kati ya zile 580 zimebaki 125. Skuta ni 130, kibebeo cha chuma chenye taa zake ni kama 45. Umeshazidi kilo 50 na hujaweka hata kreti la maji ya kunywa.

Hilo ndilo jambo dogo. Jambo kubwa ni mahali zinapokaa hizo kilo.

Umewahi kumwona msukuma mkokoteni wa maji akipakiwa na mtu asiyejua kazi? Madumu yakiwekwa nyuma ya matairi, mikono ya mkokoteni inapanda juu, na mwenyewe anabaki ananing'inia, miguu inatafuta ardhi. Madumu ni yaleyale, uzito ni uleule, lakini nyuma ya ekseli, ule mhimili unaobeba matairi, kila dumu linafanya kazi mbili: linakandamiza matairi, na linanyanyua mbele. Anayejua kazi anayasogeza mbele kidogo na mkokoteni unatulia. Motohomu yako ni mkokoteni huo.

Kwenye Ducato ndefu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 4. Baada ya ekseli ya nyuma mwili wa gari unaendelea mita 2 hivi, na skuta iliyofungwa nje kitovu chake kinakaa karibu mita 2.5 nyuma ya ekseli. Gawanya 2.5 kwa 4, unapata 0.625. Zidisha kwa kilo 175 za skuta na kibebeo: kilo 109. Hizo zinanyanyuliwa kutoka ekseli ya mbele na kuhamia nyuma. Kwa hiyo ekseli ya nyuma haipokei 175, inapokea 175 na 109, yaani 284.

Sasa rudi kwenye kadi, mistari 8.1 na 8.2, vikomo vya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ducato ya chasisi nyepesi ya tani 3.5 kwa kawaida inaandikwa 1,850 mbele na 2,000 nyuma. Kwa makisio yangu gari lako likiwa na familia na mizigo yote, bila skuta, litasimama kwenye 1,515 mbele na 1,860 nyuma. Ongeza skuta: nyuma 2,144, mbele 1,406. Umevuka ekseli kwa kilo 144. Ukiwa na tairi za 215/70 R15 zenye namba 109 ubavuni, kila moja imeundwa kubeba 1,030, mbili 2,060. Umezivuka na zenyewe. Tairi iliyozidishiwa mzigo haikupi taarifa mapema. Inachemka ndani taratibu, kwenye lami ya mwezi wa nane, mpaka ipasuke.

Utasema, basi nimwage maji njiani. Ukimwaga zile lita 80, jumla inarudi chini ya 3,500 na roho inatulia. Ekseli ya nyuma bado iko juu ya 2,000. Nimewaona watu wakipigania jumla mpaka usiku na ekseli hawajaigusa.

Na hapo mbele palipopungua ndipo penye injini, usukani na matairi yanayovuta, maana Ducato huvutwa na matairi ya mbele. Kiangazi kimoja niliitwa kambini kumtazama mteja aliyefunga pikipiki nyuma kwa kibebeo kipya kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, nyasi zimelowa, na eneo lenyewe tambarare kama meza. Kila akikanyaga mafuta, matairi ya mbele yanachonga mifereji miwili palepale. Ameshaweka mazulia ya ndani chini ya matairi, yameruka nyuma kama chapati. Tulichofanya ni kumwomba jirani mmoja mnene na mwanawe waegemee boneti kwa nguvu zao zote; gari likatoka taratibu, bila kelele. Nilipolala chini kuangalia chasisi, nikaona kwenye kile kipande cha nyongeza kinachounganishwa nyuma ya chasisi ya kiwanda, pembeni ya tundu la bolti, ufa mwembamba kama unywele, umeshaota kutu. Kibebeo kilikuwa kizima. Kilichokuwa kinakatika ni gari.

Ndiyo maana mifuko ya hewa haikusaidii hapa. Mfuko wa hewa ni springi ya ziada. Unanyanyua nyuma, taa za mbele zinaacha kumulika ndege, gari linapunguza kuyumba, na kwa hayo naupenda, hata langu linao. Lakini haurudishi hata kilo moja mbele, na peke yake haubadilishi namba iliyoandikwa 8.2. Kinachofanya ni kuificha dalili. Unaweza kuzidisha ekseli kwa kilo 200 na gari likasimama limenyooka kama bwana harusi.

Kuhusu ndoano ya tela, mwambie rafiki yako asome mstari wa 13 kwenye kadi. Hapo pameandikwa uzito unaoruhusiwa kukandamiza kile kichwa cha ndoano, na kwenye motohomu nyingi ni kati ya 75 na 100. Vibebeo vya ndoanoni ni vya baiskeli. Ukichomeka skuta ya kilo 130 pamoja na kibebeo chake, umeshaumaliza uzito huo na kuuzidi kabla hujawasha gari, na kila tuta linazidisha mara mbili tatu. Hapo sina la kupima huku na huku: usifanye.

Sasa njia zilizobaki.

Kwa gari lako na familia yako, njia ninayoiona inaingia kwenye hesabu ni tela dogo lisilo na breki, la kikomo cha kilo 750. Watu hulikwepa wakidhani leseni ya B hailiruhusu, kumbe linaruhusiwa: gari la 3,500 na tela la mpaka 750 ni halali kwa B. Hakikisha tu mstari wa O.2 kwenye kadi unakubali uzito huo, na kwamba ndoano ipo au gari lina mahali halisi pa kuifunga. Tela la pikipiki lenyewe lina kama kilo 150, skuta 130, jumla 280; uzito huo unabebwa na tairi za tela, si zako. Kinachokufikia wewe ni ule unaokandamiza ndoano, tuseme kilo 50, ambazo nyuma zinakuwa kama 78 kwa ileile hesabu ya mkokoteni. Ekseli ya nyuma inafika 1,938, jumla 3,425. Imebana, lakini iko ndani.

Bei ya tela unailipa barabarani. Ujerumani utakwenda 80 kwa saa, au 100 kwenye barabara kuu za Autobahn kama tela limepitishwa rasmi kwa mwendo huo na tairi zake ni changa. Italia ni 80 kwenye barabara kuu za kulipia na 70 nje ya hapo. Vibanda vya ushuru vya Italia vinahesabu ekseli: leo unalipa daraja B, ukiwa na tela la ekseli moja unahamia daraja la 3. Feri kule Kroatia hutoza kwa urefu, na sehemu nyingi za kulaza gari hazina pa kuweka mita 10. Halafu kurudi nyuma na tela fupi nyuma ya gari refu ni mtihani wenyewe. Hulioni, na ukiliona limeshakunja. Fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu wa duka Jumapili, mkeo akiwa nje na simu mkononi, kabla ya kufanya hivyo mbele ya kambi nzima.

Kupandisha kikomo cha gari zaidi ya 3,500 kunawezekana, kwa springi na tairi za kubeba zaidi na karatasi za kituo cha ukaguzi kama TÜV. Ila hapo unahitaji leseni ya C1, daraja la malori madogo, yenye vipimo vya daktari na kuhuishwa kila miaka 5, na Austria unaacha vinyeti ya kulipia barabara kuu kwa muda, unaingia kwenye kile kifaa cha GO-Box kinachohesabu kila kilomita. Umoja wa Ulaya umekubaliana kuilegeza B mpaka tani 4.25 kwa magari ya kulala, lakini nchi zimepewa miaka ya kuingiza jambo hilo kwenye sheria zake, na polisi wa mwezi wa nane atakupima kwa sheria ya mwezi wa nane. Kama mnapanga kulitumia gari hili miaka 10 ijayo, fikiria. Kwa skuta moja tu, naona ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya ulimi.

Kubadilisha PCX kwa skuta ya cc 50 kunatatua leseni, hakutatui kibebeo. Nyingi zina kilo kama 100. Ongeza 40 za kibebeo chepesi, nyuma unapokea 228, bado umevuka ekseli. Kwenye tela, hiyo ndiyo ningekuchagulia kwa safari ya Garda na Kroatia. Kibao chake cha bima cha Ujerumani kinabadilishwa kila tarehe 1 Machi, usisafiri na cha mwaka jana.

Na kuna njia ambayo mafundi hatuipendi kwa kuwa haituletei kazi: usibebe kitu, kodi cc 50 kulekule ziwani kwa siku mnazoihitaji. Au baiskeli mbili za umeme, kilo 25 kila moja, kwenye kibebeo cha baiskeli chenye kikomo kinachotosha. Mkate hauhitaji injini. Nakuuliza pia kwa undugu: mko wanne. Skuta moja itawapeleka wapi wanne? Kule hakuna kubebana mshikaki kama kwenye bodaboda zetu. Kama skuta ni ya mkate na ya wewe na mkeo jioni moja moja, sawa. Kama ni ya kuzungusha familia, mtaishia kwenye basi, nayo skuta itabaki kambini ikiota jua.

Ikiwa utakwenda na tela, kufunga ndiko kunakoamua kama skuta itafika. Breki kali huusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayohesabiwa kama asilimia 80 ya uzito wake. Kwa skuta yako ni kama kilo 104 zinazotaka kuruka mbele kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo tairi la mbele liingie kwenye kishikio chake mpaka liguse, skuta isimame kwa tairi zake mbili, si kwa stendi. Stendi ikiachwa chini inageuka nyundo kwenye kila tuta. Mikanda minne yenye racheti: miwili mbele, miwili nyuma, yote ikivuta chini na kwenda nje, pande zote mbili sawa. Ifunge kwenye chuma, si kwenye plastiki wala kwenye kishikio cha abiria, na ambako mkanda unagusa rangi tanguliza kitanzi cha kitambaa. Kaza mpaka shokapu za mbele zishuke karibu nusu ya mwendo wake. Ukizikaza mpaka mwisho, tuta la kwanza litaumiza sili, na mafuta yatachuruzika juu ya diski ya breki. Ukifika kilomita ya 15 hivi, simama ukaze tena, maana mikanda hujinyoosha. Kila ninapoona turubai limefunikwa juu ya skuta linapepea kama tanga la jahazi, najua mwenyewe atasimama mapema kuliko mimi.

Kupandisha, nitakuambia lililonipata. Nilikuwa peke yangu, nina haraka, skuta ya mteja ilitakiwa iingie kwenye tela. Nikaegemeza rampu bila kuifunga kwa mkanda. Tairi la mbele lilipanda vizuri, la nyuma lilipogusa rampu likaisukuma nyuma, rampu ikaanguka, nami nikabaki nimeishika skuta nusu juu nusu chini kama mtu aliyemkumbatia mbuzi asiyetaka kuogeshwa. Nililipia plastiki za ubavu mzima. Funga rampu, tumia yenye urefu wa mita 2, muwe wawili, na skuta isukumwe injini ikiwa imezimwa.

Siku mkija kubadilisha gari mkapata lenye stoo kubwa, wenyewe huiita gereji ingawa hamna fundi ndani yake, hesabu itakuwa na huruma zaidi. Skuta hiyohiyo ya kilo 130 ikikaa mita 1.4 nyuma ya ekseli inaongeza 176 badala ya 284, na hakuna kibebeo cha kubeba. Ila chungulia sakafuni: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, kwa hiyo lazima pawe na matundu ya hewa chini kabisa na mlango uzibe vizuri upande wa kitandani. Watoto wanalala juu ya hiyo skuta. Ukisikia harufu ya petroli ndani usiku, usitafute inatoka wapi kwa kuwasha vitu. Toeni watoto nje kwanza.

Na kama bado moyo unakuvuta kwenye kibebeo cha nje, labda baada ya kupunguza mizigo au kwa gari lingine, usikubali kifungwe na mtu ambaye hajalala chini ya gari lako. Fundi wa motohomu aione ile nyongeza ya chasisi kwa macho, aiguse, atafute kutu kwenye matundu ya bolti. Kibebeo kiwe na cheti cha gari lako, na mhandisi wa ukaguzi akikubali kabla hujalipa. Italia na Uhispania watakudai pia kile kibao chekundu na cheupe cha sentimita 50 kwa 50 kinachong'aa nyuma ya mzigo. Gari ambalo tayari lina kibebeo, ukiona usukani umekuwa mwepesi kwenye mvua, au taa ya kudhibiti mtelezo inamulika kwenye kona ambazo zamani haikumulika, lipeleke wiki hiyohiyo.

Mimi hapa nimekisia ekseli zako nikiwa mbali, na makisio si mizani. Kwa hiyo kabla hujanunua tela, skuta wala mkanda mmoja, pakia gari kama mnakwenda Garda kesho: tangi limejaa, maji, baiskeli, sufuria, watoto wamekaa kwenye viti vyao na mikanda. Nenda kwenye mizani ya magari, zipo kwenye machimbo ya kokoto, kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kwenye vyama vya wakulima, na bei yake haifiki ya chakula cha mchana. Omba upimwe mara tatu: gari zima, matairi ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake. Niandikie hizo namba tatu pamoja na namba iliyoko ubavuni mwa tairi zako za nyuma, nami nitakurudishia hesabu yako halisi badala ya hii niliyoipika.